Wafu Wanane wa Ufini: Historia ya Dawa Iliyofukuzwa Ikarejea

Historia za dawa aghalabu husimuliwa kama safari ya kwenda mbele tu: maradhi yalikuwapo, mtaalamu akatafuta, dawa ikapatikana, watu wakapata nafuu. Historia ya klozapini haikubali kusimuliwa hivyo. Dawa hii iliundwa kabla hayajajulikana maradhi itakayoyatibu, ikatiliwa shaka kwa kuwa haikuwakakamaza wagonjwa kama dawa zilizoitangulia, ikauzwa, ikaua, ikaondolewa madukani, kisha ikarejeshwa kwa ajili ya watu ambao dawa nyingine zote zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Tangu kuundwa hadi kurejeshwa ilipita takriban miaka 30, na ndani ya miaka hiyo zilikuwapo hesabu mbili. Ya kwanza ni ya watu waliouawa na dawa, nayo iliandikwa kwa tarehe na kwa idadi. Ya pili ni ya watu waliokufa au kuharibikiwa kwa kuikosa, na hiyo kwa muda mrefu hapakuwa na aliyeiandika.

Skizofrenia ni maradhi ya akili ambayo aghalabu huanza katika ujana, wakati mtu ndiyo kwanza anamaliza masomo au anaingia kazini. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini mambo ambayo hakuna hoja inayoweza kumtoa humo, fikra zake hukatikakatika, na taratibu hujitenga na watu. Mitaani hali hizi zote hukusanywa katika neno moja, wazimu, neno lisilotofautisha aliyeugua jana na aliyeugua miaka 20, wala anayesikia dawa na asiyeisikia. Tofauti hii ya mwisho ndiyo kiini cha habari hii. Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa dawa ya kwanza au ya pili. Lakini baina ya mmoja katika watano na mmoja katika watatu hubaki vilevile, sauti zikiwasumbua mchana na usiku, hata baada ya kupewa dawa mbili tofauti kwa dozi ya kutosha na kwa muda wa kutosha, na zote mbili zisifue dafu. Hao ndio ambao madaktari huita wagonjwa wa skizofrenia sugu. Kwao swali huwa ni moja: dawa hii ikiachwa, ishikwe ipi, lini, na kwa hatari gani?

Swali hilo lisingeweza kuulizwa kabla ya mwaka 1952, kwani hapakuwa na dawa ya kuachwa wala ya kushikwa. Kulikuwa na minyororo, maji baridi, sindano za insulini za kumzimisha mgonjwa, mitetemo ya umeme, na upasuaji wa kukata mishipa ya ubongo uliompatia mvumbuzi wake Mreno, Egas Moniz, Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Klopromazini ndiyo iliyobadili mambo. Iliundwa na mkemia Paul Charpentier wa kampuni ya Rhône-Poulenc ya Ufaransa mwezi Desemba 1950. Daktari wa upasuaji, Henri Laborit, akaona kuwa inawatuliza wagonjwa wake bila kuwalaza. Na mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakaitumia kwa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris. Katika muda wa miaka michache ilikwishaenea duniani kwa jina la Largactil, jina ambalo wauguzi wa hospitali za Afrika Mashariki walilizoea kuliko jina lake la kisayansi. Mwaka 1958 ikafuata haloperidoli kutoka maabara ya Paul Janssen huko Ubelgiji.

Dawa hizi ziliwafungulia maelfu ya watu milango ya hospitali, lakini zilikuja na kodi yake. Mgonjwa alikakamaa, mikono ikatetemeka, uso ukakosa hisia, miguu ikakataa kutulia. Baada ya miaka kadhaa baadhi yao walianza kuchezesha midomo na ulimi bila ya kutaka, na hali hiyo mara nyingi haikuondoka hata dawa ilipoachwa. Ajabu ni kuwa madaktari wa wakati ule hawakuyaona madhara haya kuwa ni madhara tu. Wengi waliamini kuwa ni alama ya dawa kufanya kazi: asiyekakamaa hajapata dozi. Hata katika maabara, panya aliyepewa dawa mpya alitazamwa kama atagandamana mahali alipowekwa, na dawa isiyomgandisha panya ilihesabiwa kuwa si dawa ya wazimu. Kwa kipimo hicho kila dawa mpya iliyopita mlangoni ilikuwa ndugu wa ile iliyotangulia. Kubadilisha dawa kukawa ni kumtoa mgonjwa kwa ndugu mmoja na kumkabidhi kwa mwingine wa nyumba hiyohiyo.

Klozapini haikupita katika mlango huo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni ndogo ya Wander mjini Bern, Uswisi, ilikuwa ikitafuta dawa za huzuni zinazofanana kwa umbile na imipramini. Miongoni mwa kemikali zilizoundwa humo na Jean Schmutz, Fritz Hunziker na wenzao ilikuwamo hii. Haikufaa kwa huzuni. Haikuwagandisha panya. Ingewezekana ikaachwa rafuni ikasahauliwa, lau kama madaktari wachache wa nchi zenye kusema Kijerumani wasingeijaribu kwa wagonjwa wa skizofrenia katika miaka ya 1960. Waliona jambo ambalo halikuwa na nafasi katika elimu yao: mgonjwa anatulia, sauti zinapungua, na mikono haitetemeki. Hanns Hippius wa Ujerumani, aliyekuwa miongoni mwa watetezi wake wa mwanzo, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuwashawishi wenzake kwamba jambo hilo linawezekana. Wander ilinunuliwa na kampuni kubwa ya Sandoz mwaka 1967, na mwaka 1972 klozapini ikaanza kuuzwa katika nchi kadhaa za Ulaya kwa jina la Leponex.

Ufini iliipokea mwezi Februari 1975. Haikufika nusu mwaka, madaktari wa huko walianza kuona wagonjwa wenye homa kali na vidonda vya koo ambao damu yao, ilipopimwa, ilikuwa karibu haina chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu. Hali hii huitwa agranulositosi. Uboho wa mifupa huacha kuzalisha chembe hizo, na mwili hubaki kama nyumba isiyo na mlango. Kijidudu ambacho kwa mtu mwingine kingeleta mafua, kwake huleta mauti. Wagonjwa 8 walikufa kwa maambukizi. Wengi wa waliopatwa walikuwa wa upande wa kusini-magharibi mwa nchi, na kwa nini iwe huko hasa ni fumbo lililojadiliwa kwa miaka mingi. Juhana Idänpään-Heikkilä na wenzake walitangaza habari hiyo katika jarida la Lancet mwaka huohuo wa 1975, na dawa ikasimamishwa nchini humo.

Ni haki kusema kuwa madaktari wa Ufini walifanya lililo sahihi. Walihesabu, wakatangaza upesi, na kwa kutangaza kwao wakaokoa watu katika nchi nyingine. Lakini uamuzi uliofuata ng'ambo ulikuwa na uzito wake pia. Sandoz iliiondoa dawa katika baadhi ya masoko na kusimamisha maandalizi ya kuiuza Marekani. Penye wagonjwa waliokwisha kuitumia kwa mafanikio, kuondolewa huko kulikuwa balaa. Walioachishwa kwa ghafla waliumwa upya, wengine kwa ukali uliozidi wa awali, na waliporejeshwa kwenye dawa za zamani hazikuwafaa, kama ambavyo hazikuwafaa mwanzo. Madaktari wao wakaandika barua, wakaomba, wakabishana. Katika Ujerumani Magharibi na nchi nyingine chache dawa ikaruhusiwa kubaki kwa masharti: apewe yule tu aliyeshindwa na nyingine, na damu ipimwe mara kwa mara. Marekani nako wagonjwa wachache waliipata kwa ruhusa ya huruma. China ilishika njia yake yenyewe. Ilianza kuitengeneza katikati ya miaka ya 1970, na kwa bei yake ndogo ikawa miongoni mwa dawa zilizotumiwa sana nchini humo, tena si kwa wagonjwa sugu peke yao.

Basi dawa iliishi uhamishoni kwa zaidi ya miaka 10, ikiwa na sifa mbili zilizokuwa zikisemwa kwa sauti ya chini: kwamba inaua, na kwamba inamsaidia asiyesaidika. Sifa ya kwanza ilikuwa na ushahidi wa kuchapishwa. Ya pili ilikuwa bado maneno ya madaktari.

Aliyeipa ushahidi ni John Kane wa New York, pamoja na Gilbert Honigfeld wa Sandoz, Herbert Meltzer na wengineo, katika utafiti uliofanyika kwenye hospitali 16 za Marekani na kuchapishwa mwezi Septemba 1988. Inafaa kuutazama utafiti huu kwa makini, kwani mpango wake ulikuwa wa ukatili kidogo kwa dawa iliyokuwa ikijaribiwa, na ndiyo maana matokeo yake yaliaminiwa. Kwanza walichaguliwa wagonjwa ambao katika miaka 5 iliyopita walikwisha kupewa dawa kwa vipindi visivyopungua vitatu, kwa dozi kubwa, bila ya nafuu ya maana. Hilo halikutosha. Wagonjwa hao wakapewa haloperidoli kwa dozi kubwa kwa wiki 6 chini ya macho ya watafiti wenyewe, ili asije mtu akasema kuwa huko nyuma hawakutibiwa vizuri. Walikuwa 305. Walionufaika hawakufika 2 katika kila 100. Waliobaki, jumla yao 268, wakagawanywa kwa bahati nasibu makundi mawili, moja likapewa klozapini na jingine klopromazini, daktari asijue nani kapewa nini wala mgonjwa asijue. Baada ya wiki 6 nyingine, waliopata nafuu kwa klopromazini walikuwa 4 katika 100. Kwa klozapini walikuwa 30.

Thelathini katika mia si idadi ya kujivunia kwa dawa ya kawaida. Mtu akiambiwa kuwa dawa ya malaria huponya watatu tu katika kumi, ataitupa. Lakini hawa walikuwa watu waliokwisha kukatiwa tamaa, baadhi yao wakiwa wameishi wodini miaka mingi, na nafuu ile ilipimwa baada ya wiki 6 tu. Utafiti ulidhihirisha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ndilo lililosherehekewa: ipo dawa inayomfaa asiyefaliwa na nyingine. La pili halikuzungumzwa sana ingawa lilikuwa na uzito uleule: kumtoa mgonjwa sugu kwenye dawa moja ya zamani na kumpa nyingine ya zamani kulikuwa karibu sawa na kutofanya kitu. Maelfu ya madaktari walikuwa wakifanya hivyo kila siku, kwa nia njema, wakiongeza dozi, wakichanganya dawa mbili, wakijaribu ya nne na ya tano, na miaka ya mgonjwa ikapita.

Serikali ya Marekani iliidhinisha klozapini mwaka 1989, kwa wagonjwa sugu tu na kwa sharti la kupima damu kila wiki. Ilipoingia sokoni Februari 1990 iliuzwa pamoja na upimaji wake kama kifungu kimoja: hakuna damu, hakuna dawa, na kampuni ndiyo iliyoamua nani apime. Bei ya kifungu hicho ilikuwa dola 8,944 kwa mwaka, katika nchi ambayo wagonjwa wengi wa skizofrenia sugu hawakuwa na kazi na walitegemea fedha za serikali za majimbo. Majimbo kadhaa yalikwenda mahakamani, na haukupita muda mrefu dawa ikatenganishwa na upimaji. Hata hivyo, kwa miezi ile ya mwanzo, dawa iliyokuwa imefungiwa kwa hofu ya kuua ilikuwa sasa imefungiwa kwa bei.

Walioipata, baadhi yao walirejea kutoka mbali. Jarida la Time liliweka habari hiyo kwenye jalada lake mwezi Julai 1992, likisimulia juu ya watu walioamka baada ya miaka mingi. Kuamka huko hakukuwa furaha tupu. Mtu aliyeugua akiwa na miaka 18 na kupata nafuu akiwa na miaka 35 hugundua kuwa wenzake wana watoto, wazazi wake wamezeeka, na yeye hajui kupika wala kulipa kodi ya nyumba. Vyama vya wagonjwa na familia vilijifunza haraka kuwa kidonge hakimrejeshei mtu miaka yake.

Hapana budi kueleza namna dawa hizi zinavyobadilishwa, kwani wengi hudhani ni jambo la kufunga chupa moja na kufungua nyingine. Klozapini huanzwa kwa miligramu 12.5, nusu ya kidonge kidogo, kwa kuwa dozi kubwa ya ghafla inaweza kuteremsha shinikizo la damu hata mgonjwa akaanguka. Hupandishwa kidogokidogo kwa wiki mbili, tatu au zaidi mpaka kufika miligramu 300 au zaidi kwa siku, na wakati huohuo dawa ya zamani hupunguzwa taratibu, isiachwe kwa siku moja. Kwa muda fulani, basi, mgonjwa hubeba mizigo miwili ya madhara. Akikosa dozi kwa zaidi ya saa 48, huanzishwa tena kutoka chini. Akiwa mvutaji wa sigara na akaacha ghafla, kiwango cha dawa katika damu hupanda, kwa sababu moshi wa sigara huliharakisha ini kuivunja dawa hiyo. Usiku udende humtoka hata mto ukalowa. Choo hufunga, na kufunga huko si jambo la kuchekwa, kwani limeua watu. Uzito huongezeka, kisukari hukaribia, na katika wiki za mwanzo misuli ya moyo inaweza kuvimba. Daktari anayemshauri mgonjwa ahamie dawa hii anamwomba kitu kikubwa, na mgonjwa anayekataa hakatai kwa ujinga.

Upimaji wa damu nao ulithibitika. Kati ya Februari 1990 na Desemba 1994 wagonjwa 99,502 waliandikishwa katika daftari la Marekani. Waliopatwa na agranulositosi walikuwa 382, na waliokufa 12. Hatari haikutoweka, lakini ilijulikana sasa inakaa wapi: zaidi katika wiki 18 za mwanzo, kisha inapungua sana. Ndipo nchi kadhaa, Uingereza ikiwamo, zikaweka utaratibu wa kupima kila wiki kwa wiki 18, halafu kwa vipindi virefu zaidi.

Mafanikio hayo yalizaa waigaji. Makampuni yalitaka klozapini isiyo na sumu yake, na miaka ya 1990 ikaleta risperidoni, olanzapini, kwetiapini na nyingine, zote zikitangazwa kuwa kizazi kipya. Kwa wagonjwa wa kawaida zilikuwa na manufaa yake. Kwa wagonjwa sugu mambo yalikuwa tofauti: katika utafiti wa Robert Conley na wenzake uliochapishwa mwaka 1998, waliopata nafuu kwa olanzapini walikuwa 7 katika 100. Kisha ukaja utafiti mkubwa wa serikali ya Marekani ulioitwa CATIE, ambao mwaka 2005 ulionyesha kuwa kati ya wagonjwa 1,493, asilimia 74 waliiacha dawa waliyopewa kabla ya kutimia miezi 18, na kwamba dawa ya zamani ya perfenazini haikuachwa nyuma na nyingi kati ya hizo mpya. Katika awamu iliyofuata, walioacha kwa kukosa nafuu walihamishiwa ama klozapini ama dawa nyingine mpya. Waliopewa klozapini walikaa nayo kwa wastani wa miezi 10 na nusu. Kwa zile nyingine ilikuwa karibu miezi 3. Mzunguko wa ndugu wa nyumba moja ulikuwa umerudi, safari hii kwa vidonge vya bei kubwa zaidi.

Hapo ndipo ile hesabu ya pili ilipoanza kuandikwa. Takriban watu 5 katika kila 100 wenye skizofrenia hujiua. Mwaka 2003 Meltzer na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 980 waliokuwa katika hatari hiyo, ukaonyesha kuwa waliotumia klozapini walijaribu kujiua mara chache kuliko waliotumia olanzapini. Na mwaka 2009 ikaja habari ambayo mtunzi wa hadithi angeogopa kuitunga kwa kuchelea kutoaminiwa, kwani ilitoka Ufini kwenyewe. Jari Tiihonen na wenzake walifuatilia rekodi za wagonjwa 66,881 wa skizofrenia nchini humo kuanzia mwaka 1996 hadi 2006, wakatafuta nani kafa na alikuwa akitumia dawa gani. Vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliotumia klozapini. Dawa iliyofukuzwa nchini humo kwa kuua watu 8 ilionekana sasa, katika daftari za nchi hiyohiyo, kuwa ndiyo ambayo watumiaji wake walikufa kwa uchache kuliko wa dawa nyingine.

Wapo waliopinga. Walisema kuwa anayepewa klozapini huonwa na muuguzi kila wiki au kila mwezi kwa ajili ya damu, na huenda macho hayo ndiyo yanayomlinda. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa mtu anaweza kuuliza kwa nini basi wengine wasipewe macho hayohayo. Mwaka 2016 Myrto Samara na wenzake walikusanya majaribio 40 ya wagonjwa sugu, wakaona kuwa ubora wa klozapini juu ya dawa nyingine mpya haukudhihirika kama ilivyodhaniwa. Mjadala huo haujafungwa. Wanaoitetea dawa hujibu kuwa mgonjwa aliye sugu kwelikweli ni nadra kukubali kuingia katika majaribio, wala hakuna anayemruhusu kwa wepesi, na kwamba maisha ya wagonjwa nje ya majaribio, katika nchi mbalimbali, yanasema lililosemwa Ufini.

Jambo lisilobishaniwa ni kuchelewa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kutoka kusini mwa London, mji wenye hospitali mashuhuri za akili, mgonjwa aliyestahili klozapini alicheleweshwa kwa wastani wa karibu miaka 4, na zaidi ya theluthi moja walikuwa kwanza wamechanganyiwa dawa mbili za zamani au mpya kwa pamoja, jambo ambalo miongozo haikulipendekeza. Daktari akimpa mtu klozapini naye akafa kwa kukosa chembe za damu, ataitwa ajieleze. Akimwacha na dawa isiyomfaa naye akajitupa kutoka ghorofani, itaandikwa kuwa ni maradhi yaliyomuua.

Katika hesabu hii ya walionyimwa, watu wenye asili ya Afrika wana ukurasa wao. Kiwango cha chembe nyeupe kilichowekwa kuwa ndicho cha salama kilitokana na damu za Wazungu. Lakini katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, na kwa baadhi ya Waarabu wa Bara Arabu na Mayahudi wa Yemen, watu wenye afya kamili huwa na chembe chache zaidi, wala hawaugui kwa hilo. Sababu yake ilifichuliwa mwaka 2009: ni umbo la kinasaba linalohusiana na aina ya damu iitwayo Duffy, jina la mgonjwa ambaye damu yake ndiyo iliyofanya aina hiyo igundulike mwaka 1950. Wasio na alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu wamekingwa dhidi ya aina moja ya malaria, vivaksi, na kwa kinga hiyo wazee wao waliishi wakazaa. Vitukuu wao wakienda hospitali za London au New York, zawadi hiyo ya mababu iligeuka kikwazo. Damu yao ilipopimwa ilionekana pungufu, wakaambiwa dawa haiwafai, au walikwisha ianza wakaachishwa ilhali ikiwasaidia. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilibadili kanuni: kwa watu hao dawa iweze kuanzwa kwa chembe 1,000 katika mikrolita moja ya damu badala ya 1,500. Miaka 40 ilikuwa imepita tangu vifo vya Ufini.

Katika hospitali za umma za Afrika Mashariki, kuanzia Mathari ya Nairobi na Mirembe ya Dodoma hadi Kidongo Chekundu ya Unguja, historia ya tiba ya skizofrenia kwa miongo mingi imekuwa historia ya klopromazini, haloperidoli na sindano ya flufenazini ya kila mwezi. Klozapini iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani katika muongo wa 2010, kwenye sehemu ya dawa zinazohitaji uangalizi maalumu. Kidonge chenyewe si ghali tena, kwani hataza yake ilikwisha zamani na viwanda vingi huitengeneza. Kinachogharimu ni yale yanayokizunguka: maabara inayotoa jibu siku ileile, nauli ya mgonjwa na mtu wa kumsindikiza kila wiki kwa wiki 18, na daktari anayejua kuwa chembe 1,200 kwa mtu wa pwani hii huenda zikawa ndizo za uzima wake.

Mwezi Februari 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuwa haitadai tena matokeo ya damu yaandikwe katika daftari la taifa kabla ya dawa kutolewa, na mwezi Juni mwaka huohuo ikaufuta utaratibu huo rasmi, kwa maelezo kuwa ulikuwa ukiwazuia wagonjwa kuipata dawa. Kupima damu kulibaki kuwa shauri la kitabibu, juu ya dhamana ya daktari na mgonjwa wake. Sharti lililokuwa likiifunga dawa mlangoni, hakuna damu hakuna dawa, liliondoka miaka 35 baada ya kuwekwa.